Homa kwa Mtoto Anayetibiwa Saratani: Maswali Kuhusu Bakteria Kwenye Damu na Uchaguzi wa Antibayotiki

Ukurasa huu ni wa wazazi, walezi na wahudumu wa vituo vya afya wanaompokea mtoto aliyeanza kemo (dawa za kuua seli za saratani) katika Taasisi ya Saratani ya Uganda pale Mulago, au Mbarara, au Lacor, kisha akarudi nyumbani Busia, Koboko au Kasese kusubiri mzunguko unaofuata. Majibu mengine yanamhusu zaidi mzazi, mengine yanamhusu anayeshika sindano. Dozi zilizotajwa ni za kumsaidia mhudumu kukagua hesabu yake. Anayeamua ni daktari wa mtoto, akiangalia uzito, figo na ini.

Joto likifika ngapi ndipo tuondoke nyumbani?

Likifika nyuzi 38.3 mara moja tu, au 38.0 na likabaki hapo kwa saa 1, ondokeni. Kipimajoto cha kwapani husoma chini kidogo kuliko cha mdomoni, kwa hiyo kwapani ukiona 37.5 rudia baada ya dakika 30, na ukiona 38 usirudie tena, anza safari. Usipime njia ya haja kubwa hata kidogo. Mchubuko mdogo pale ni mlango wa bakteria kuingia kwenye damu, na chembe sahani (zinazosaidia damu kuganda) zikiwa chache mtoto anaweza kuvuja damu.

Wapo watoto ambao joto halipandi kabisa ingawa damu imejaa bakteria. Hao ni hasa wenye utapiamlo, na wale wanaomeza predinisoloni au deksamethasoni, dawa zinazozima homa. Kwa watoto hawa angalia ishara nyingine: mikono na miguu baridi, kupumua haraka, kusinzia kusiko kwa kawaida, kukataa kula au kunyonya, kukojoa kidogo, joto chini ya 36. Mtoto wa namna hii apelekwe hospitali sawa na mwenye nyuzi 39.

Kwa nini hatari iko zaidi wiki ya pili baada ya kemo?

Kemo huua seli zinazozaliana haraka, na uboho wa mifupa ni kiwanda kinachozalisha bila kupumzika. Chembe nyeupe zinazoitwa nyutrofili, ambazo ndizo askari wa kwanza dhidi ya bakteria, huanza kupungua na kufika chini kabisa kati ya siku ya 7 na ya 14. Zikiwa chini ya 500 kwa mikrolita, au zikitarajiwa kufika huko ndani ya saa 48, homa yoyote ni dharura. Chini ya 100 hatari ni kubwa zaidi.

Ndiyo maana tarehe ya dozi ya mwisho iandikwe kwa kalamu nzito kwenye jalada la daftari la matibabu. Mhudumu asiyemjua mtoto akiona tarehe hiyo na kuhesabu siku 10, hahitaji kungoja majibu ya damu ili ajue la kufanya.

Bakteria hao wanatoka wapi? Nyumba yetu ni safi.

Wengi wanatoka ndani ya mtoto mwenyewe, wala si kosa la mama. Bakteria kama E. coli na Klebsiella huishi utumboni mwa watu. Dawa kama methotreksati, inayotumika sana kwa limfoma ya Burkitt (saratani ya tezi inayokua haraka), huchubua utando wa mdomo na utumbo, na kupitia michubuko hiyo bakteria huingia kwenye damu bila kupingwa. Streptokokasi za mdomoni hupitia vidonda vya kinywa. Stafilokokasi hukaa kwenye ngozi na kuingia kupitia kanula (mrija mdogo wa dripu) au mrija wa mshipa mkubwa. Pseudomonas hupenda majimaji: masinki, ndoo, vifaa vilivyolowa. Huyu wa mwisho mkumbukeni, kwa sababu ndiye anayeamua sehemu kubwa ya uchaguzi wa dawa.

Kipimo kimeonyesha malaria. Si tutibu malaria kwanza?

Tibuni malaria, lakini antibayotiki itolewe saa hiyo hiyo. Kosa hili linagharimu maisha, na chanzo chake kinaeleweka: Kiluganda husema omusujja kwa homa yoyote na pia kwa malaria, nasi katika Kiswahili homa ikipanda wazo la kwanza ni mbu. Kuwa na malaria hakumzuii mtoto kuwa na bakteria kwenye damu. Kinyume chake, malaria kali hujulikana kufungulia njia bakteria wa Salmonella. Tena kile kipimo cha haraka cha kidole kinaweza kubaki na mistari miwili kwa wiki kadhaa baada ya malaria kupona, kwa sababu kinapima protini ya vimelea na si vimelea hai. Kwa mtoto aliyetibiwa malaria mwezi uliopita, darubini inaaminika zaidi.

Nyumbani nifanye nini, na nisifanye nini?

Pima joto kabla ya kutoa parasetamoli, andika namba na saa, kisha piga simu wodini. Chukua daftari, orodha ya dawa na nguo, mwondoke. Homa ya saa nane usiku haingoji kupambazuka.

Usinunue antibayotiki duka la dawa ili ajaribu kwanza. Vidonge viwili vya siprofloksasini haviwezi kuponya maambukizi ya damu, lakini vinatosha kuwaficha bakteria wasioteshwe maabara, na hapo daktari atatibu akiwa gizani. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala diklofenaki, maana huzuia damu kuganda. Usikubali sindano ya takoni kwenye kliniki ya mtaani: chembe sahani zikiwa chini, misuli huvimba damu, na uvimbe huo nao huoza. Mumbwa na dawa nyingine za mitishamba zinazokorogwa kwa maji yasiyochemshwa ziwekwe kando kabisa kipindi hiki.

Tuko saa 5 kutoka Kampala. Kituo cha karibu kifanye nini?

Kitoe dozi ya kwanza. Lengo ni dakika 60 tangu mtoto afike mlangoni, nao ni mlango wa kituo chochote kile cha kwanza, si wa Mulago. Kumpa mama barua ya rufaa bila dawa ni kumwongezea bakteria saa 5 za kuzaliana.

Mpangilio unaofaa kwenye kituo cha daraja la nne au hospitali ya wilaya ni huu. Weka kanula. Kupitia kanula hiyo hiyo mpya chukua damu ya kuotesha (ya kukuza bakteria maabara ili wajulikane) ikiwa chupa zipo, damu ya hesabu kamili, sukari na malaria. Chupa zikikosekana, usingoje. Kisha dawa. Mahali penye seftriaksoni na gentamisini tu, zitolewe zote mbili: seftriaksoni miligramu 80 kwa kila kilo mara 1 kwa siku, na gentamisini miligramu 7.5 kwa kila kilo mara 1 kwa siku. Seftriaksoni peke yake haimgusi Pseudomonas, na aina nyingi za E. coli na Klebsiella za hapa kwetu zimeizoea. Gentamisini inaziba sehemu ya pengo hilo.

Kwa mfano, mtoto wa kilo 16 anahitaji gentamisini miligramu 120. Ampuli ya kawaida ina miligramu 80 ndani ya mililita 2, kwa hiyo ni mililita 3, yaani ampuli moja na nusu. Seftriaksoni yake ni miligramu 1,280, hivyo chupa moja ya gramu 1 haitoshi. Hapa ndipo wengi wanapopunguza dozi: chupa moja imefunguliwa, imeisha, na ya pili wanaona ni ubadhirifu. Fungua ya pili.

Seftriaksoni ya kiasi hiki ipite taratibu kwa dakika 30. Isichanganywe na Ringers Lakteti wala isipite kwenye mrija mmoja nayo kwa wakati mmoja, kwa kuwa kalsiamu iliyomo huganda na dawa kuwa chembechembe. Safisha mrija kwa maji ya chumvi ya asilimia 0.9 kabla na baada. Gentamisini iwe na bomba lake, kwani dawa za jamii ya penisilini na seftriaksoni huipunguzia nguvu zikikutana kwenye bomba moja.

Mtoto wa saratani ya mfupa anayepata sisiplatini, au mwenye figo zilizochoka, apewe dozi hiyo moja ya gentamisini kama hali ni mbaya, na kabla ya dozi ya pili daktari wake aulizwe. Mshipa ukikataa kabisa na mtoto anazama, sindano ya mfupani hutumika. Nayo isipokuwepo, hapo tu ndipo seftriaksoni ya msulini ina nafasi. Hofu ya uvimbe wa damu haizidi hofu ya kumkosa mtoto.

Je, tumwagie maji mengi ya dripu akiwa amezimia na mikono yake ni baridi?

Hapana, si kwa pupa. Utafiti wa FEAST, uliofanyika Uganda, Kenya na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2011, ulihusisha watoto 3,141 wenye homa kali na mzunguko hafifu wa damu. Waliopewa maji ya haraka walifariki zaidi ndani ya saa 48 kuliko waliopewa maji ya kawaida tu: takriban 10.6 kwa mia dhidi ya 7.3 kwa mia. Watafiti wenyewe hawakutarajia jibu hilo. Pale pasipo na chumba cha uangalizi maalumu, mtoto ambaye shinikizo lake la damu halijashuka apewe maji ya kiwango cha kawaida. Likiwa limeshuka, mililita 10 hadi 20 kwa kilo, kisha msikilize mapafu na upapase ini kabla ya kuongeza. Mtoto wa saratani mara nyingi ana upungufu mkubwa wa damu pia, na huyo anachohitaji ni damu.

Damu ya kuotesha inachukuliwaje ili jibu liaminike?

Kwanza, kabla ya antibayotiki. Pili, kiasi cha kutosha. Chupa nyingi za watoto hutaka mililita 1 hadi 3, na sababu iko wazi: katika damu ya mtoto kunaweza kuwa na bakteria chini ya mmoja kwa mililita. Ukitia nusu mililita ukapata jibu la hakuna kitu, hujathibitisha lolote. Mtoto mkubwa achukuliwe zaidi, kwenye chupa mbili.

Nawa mikono, vaa glavu. Sugua ngozi kwa klorheksidini yenye spiriti kwa sekunde 30, kisha subiri ikauke yenyewe. Usiipepee, usiifute, na usipapase tena mshipa kwa kidole. Ng'oa kifuniko cha chupa, futa mpira wake kwa spiriti, acha ukauke. Chupa ya kuotesha ijazwe kwanza, mirija mingine baadaye. Andika jina, tarehe, saa, na mahali damu ilipotoka. Kanula iliyokaa tangu jana isitumike, kwa maana itakuletea bakteria wa kwenye plastiki.

Chupa isiwekwe kwenye friji. Baridi huwaua au kuwalaza bakteria wale wale unaowatafuta. Ikae kwenye joto la chumba na ifike maabara ndani ya saa 2, kama inawezekana.

Mtoto mwenye mrija wa mshipa mkubwa achukuliwe sehemu mbili, kwenye mrija na kwenye mkono. Chupa ya mrijani ikitangulia kuota kwa saa 2 au zaidi kuliko ya mkononi, mrija ndio chanzo.

Hospitali kubwa huchaguaje dawa ya kwanza?

Kwa maswali matatu: ni bakteria gani wanaoua haraka zaidi, wodi hii imeona usugu gani miezi iliyopita, na mtoto huyu amesimama au anaanguka.

Swali la kwanza lina jibu moja duniani kote: bakteria wa kundi la Gramu hasi (bakteria hugawanywa Gramu hasi na Gramu chanya kwa rangi wanayoonyesha maabara), akiwemo Pseudomonas. Wanaweza kumwangusha mtoto ndani ya saa chache. Kwa hiyo dawa ya kwanza lazima iwafikie. Zinazostahili ni piperasilini-tazobaktamu, miligramu 90 kwa kilo kila saa 6, au sefepimu, au seftazidimu, miligramu 50 kwa kilo kila saa 8. Seftazidimu ni hafifu kwa bakteria wa Gramu chanya, na hilo likumbukwe mtoto akiwa na vidonda vingi vya kinywa.

Swali la pili ndilo linalotutesa Uganda. Tafiti zilizofanywa kwa wagonjwa wa Taasisi ya Saratani zimeonyesha kwamba Gramu hasi ndio wengi, na kwamba wengi wao hutengeneza kimeng'enya cha ESBL kinachovunjavunja seftriaksoni, seftazidimu na hata sefepimu. Miongozo ya kimataifa inasema mtoto aliye imara atumie dawa moja tu. Ushauri huo unafaa pale ambapo dawa hiyo moja bado inafanya kazi. Penye usugu mkubwa, miongozo hiyo hiyo inaruhusu kuongeza dawa ya pili ya Gramu hasi tangu mwanzo, na kwa maoni yetu amikasini ndiyo chaguo zuri: miligramu 15 hadi 20 kwa kilo mara 1 kwa siku. Vimeng'enya vingi vinavyoishinda gentamisini haviiwezi amikasini. Iangaliwe kreatinini (kipimo cha figo), na isiendelee baada ya saa 48 hadi 72 kama majibu hayaihitaji, kwa sababu ya figo na masikio.

Mtoto anayeanguka, yaani shinikizo limeshuka, fahamu zinapotea au anahitaji oksijeni, huanza na meropenemu miligramu 20 kwa kilo kila saa 8 pamoja na amikasini. Meropenemu huwa miligramu 40 kwa kilo kama kuna shaka ya homa ya uti wa mgongo. Tumbo likiuma hasa upande wa kulia chini, pengine ni utumbo uliovimba kwa maambukizi wakati chembe nyeupe ni chache. Hapo dawa lazima iguse bakteria wasiotumia hewa: piperasilini-tazobaktamu au meropenemu inatosha, lakini sefepimu na seftazidimu ziongezewe metronidazoli.

Jambo moja linalosahaulika: mtoto aliyepewa methotreksati ya dozi kubwa asipewe piperasilini wala kotrimoksazoli mpaka methotreksati itoke mwilini, maana huichelewesha kutoka.

Kama meropenemu ina nguvu hivyo, kwa nini kila mtoto asianze nayo?

Kwa sababu kila inapotumika bila haja inawachagua bakteria wenye vimeng'enya vinavyoiweza, nao wakishaota kwenye utumbo wa watoto wa wodi moja, kinachobaki ni kolistini, yenye sumu kwa figo, na dawa chache ambazo hapa hazipatikani kirahisi. Shirika la Afya Duniani lilianza kupanga antibayotiki katika makundi matatu mwaka 2017: za kutumika kwa wingi, za kuchungwa, na za akiba. Amikasini na gentamisini ziko kundi la kwanza. Seftriaksoni, piperasilini-tazobaktamu na meropenemu ni za kuchungwa. Kolistini ni ya akiba.

Vankomisini inahitajika lini?

Mara chache kuliko inavyoandikwa. Ngozi au mahali pa kanula pana usaha, nimonia kali, mshtuko wa sepsisi (maambukizi ya damu yanayoangusha mzunguko wa damu), au maabara imeona Gramu chanya. Homa pekee haitoshi. Ipite kwa dakika 60 au zaidi. Ikikimbizwa mtoto huwa mwekundu, huwashwa na shinikizo hushuka.

Maabara imepiga simu. Tubadilishe nini?

Jibu la kwanza huja ndani ya saa 12 hadi 36, likisema tu rangi ya Gramu na umbo. Jina na orodha ya dawa zinazofaa hufuata baada ya siku 1 au 2. Orodha ikifika, hamia dawa inayomuua bakteria huyo huku ikigusa bakteria wengine wachache iwezekanavyo, siku hiyo hiyo. Stafilokokasi ya ngozini kwenye chupa moja kati ya mbili, mtoto akiwa mzima, mara nyingi ni uchafu wa ngozi. Staphylococcus aureus, Pseudomonas au Kandida (fangasi) si uchafu kamwe, hata kwenye chupa moja, na mrija wa mshipa mkubwa kwa kawaida hutolewa.

Gramu hasi hutibiwa siku 7 hadi 14, Staphylococcus aureus si chini ya 14, na Kandida siku 14 tangu chupa ya kwanza isiyoota. Chupa zikibaki kimya kwa saa 48, homa ikakatika kwa saa 24 na nyutrofili zikaanza kupanda, antibayotiki isimamishwe. Kuendelea kwa sababu ya woga kunalisha usugu.

Siku ya tatu na homa bado ipo. Dawa imeshindwa?

Si lazima. Mtoto anayecheza, anayekula, mwenye shinikizo zuri na homa, aachwe kwenye dawa ile ile, apimwe upya kila siku na aoteshwe damu tena. Kupanda kutoka seftriaksoni hadi meropenemu kwa sababu ya kipimajoto tu ndiko kunakomaliza ghala la dawa. Akizorota, badilisha bila kungoja.

Homa ikivuka saa 96 na nyutrofili bado ziko chini, fikiria fangasi na anza amfoterisini B. Flukonazoli haimwezi Aspergillus, fangasi wa ukungu. Itrakonazoli na vorikonazoli huongeza sumu ya vinkristini, ambayo watoto wengi wa Burkitt na saratani ya damu wanaipata, hadi mtoto afunge choo vibaya na kulegea miguu. Tafuta pia kifua kikuu, jipu la ini, na mshipa uliovimba pale kanula ilipokuwa.

Mlezi anaweza kuzuia nini wodini?

Kanula. Iangalie asubuhi na jioni. Pakiwa pekundu, pagumu au panauma, mwambie nesi aitoe sasa, si kesho. Isilowe wakati wa kuoga. Anayeishika anawe kwanza, na una haki ya kumkumbusha, awe nesi au daktari. Mswaki laini na maji ya chumvi mara 4 kwa siku hupunguza vidonda vya kinywa. Maziwa na maji yachemshwe. Rolex (chapati ya kuviringisha na mayai) iliyopikwa mbele yako haina neno, lakini nyanya mbichi na kabichi za ndani ziachwe mpaka chembe zipande. Kotrimoksazoli aliyoandikiwa isikatwe bila kuuliza.

Kemo inaendelea lini baada ya maambukizi ya damu?

Homa ikiwa imekwisha, dozi ya antibayotiki imekamilika au inamalizikia, na hesabu ya chembe imepanda kufikia kiwango cha mpango wa tiba yake. Kuchelewa wiki 1 ni jambo la kawaida. Kuchelewa wiki 4 kwa limfoma ya Burkitt, ambayo huongezeka maradufu ndani ya siku chache, kunarudisha uvimbe, kwa hiyo tarehe mpya iandikwe daftarini kabla ya kuruhusiwa, na nauli ya kurudi ipangwe mapema.